Kaka Yangu Msasi, Mbwa Wake Watatu na Sindano Ishirini na Moja

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusaidia kuibeba siku hii, familia imempa mdogo wake marehemu, yule kitinda mimba, kazi ya kusoma maisha ya kaka yake, na mdogo huyo ndiye huyu aliyesimama mbele yenu na miwani ya kuazima, kwa hiyo kila mtakaposikia "mdogo wake" mjue ni mimi, ila wakubwa wameniasa nisijitajetaje, nami nimekubali, kwa sababu leo ni siku yake na si yangu, na pia kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kujisifu.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili ya baba yetu mchimba visima, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne, na inasemekana alitanguliza miguu, mkunga akahangaika naye tangu alfajiri hadi jua la utosi, kisha akamwambia mama, "Huyu hakuja kukaa ndani." Baba yetu alikuwa mtu wa safari, akiitwa kuchimba huku na huko, miezi minne hayupo, wiki mbili yupo, na mama ndiye aliyekuwa baba na mama wa nyumba ile, akilima shamba lililopakana na msitu, maana yake ni kwamba nusu ya jasho lake lililiwa na nguruwe pori kabla halijafika jikoni.

Desemba 1959, marehemu akiwa na miaka minane na nusu, babu yetu mzaa mama, aliyekuwa msasi mpaka magoti yalipomkatalia, alimletea mtoto wa mbwa ndani ya kapu, jike, rangi ya tofali lililoiva, mkia umejikunja kama mpini wa kikombe, na mama alipomwona akashika kiuno akasema, "Baba, nyumba hii watu wenyewe hawashibi, nikianza kufuga mbwa watu watasema," naye babu, ambaye hakupenda maneno marefu, akamjibu, "Basi aitwe hivyo hivyo." Ndivyo mbwa yule alivyopata jina la Watasema, na Agosti 1961 alipozaa watoto watano, watatu wakagawiwa kwa majirani, wawili madume wakabaki, mmoja akaitwa Nimechoka, kwa sababu alilala popote alipofika hata kama ni juu ya mguu wa mgeni, na mwingine akaitwa Bado, kwa sababu alikuwa wa mwisho kufumbua macho. Jioni mama alikuwa akisimama mlangoni akiwaita kwa sauti, "Watasema! Nimechoka! Bado!" na jirani mmoja aliyehamia mwaka ule alikaa wiki nzima akidhani mama anagombana na mumewe, akawa anatuonea huruma.

Babu alimfundisha marehemu kazi yenyewe, namna ya kuusoma upepo kabla ya kuingia kichakani, namna ya kumfunga mbwa njuga shingoni na kuziba njuga kwa majani mpaka wakati wake ufike, kwa kuwa mbwa wa jamii ile hawabweki ovyo, na msasi asiyesikia njuga hajui mbwa wake yuko wapi, na zaidi ya yote alimfundisha kwamba mbwa hula kwanza, pale pale porini, utumbo na kichwa, kabla mnyama hajapelekwa nyumbani, jambo ambalo mama hakulipenda hata kidogo, lakini marehemu hakulivunja hata siku tuliyorudi na sungura mmoja tu, mwembamba kama mshipi. Alizoea miiba hivi kwamba mguu wake ulikuwa mgumu kuliko kiatu, na mama akichoma sindano ya kutolea miiba ilipinda, babu akicheka na kusema msasi haogopi miiba, miiba ndiyo inayomwogopa.

Mwaka 1962 mvua iligoma. Mahindi yalifika kimo cha goti yakakauka, baba alikuwa mbali akichimba visima vilivyotoa vumbi, na katika nyumba yetu, kuanzia Aprili hadi Novemba, kitu pekee kilichoingia sufuriani chenye damu kililetwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja na mbwa watatu, ndezi, sungura, kanga, mara mbili paa, na mdogo wake, aliyekuwa na miaka mitano, alikuwa akimfuata nyuma na gunia, akimng'ang'ania shati asimwache, hata marehemu akampa jina la Kiroboto, jina ambalo mdogo wake analo mpaka leo akiwa na wajukuu. Nawaambia haya ili mtakaposikia alichofanya baadaye msimhukumu haraka, mjue kwamba Watasema kwake hakuwa mbwa wa kupigia miluzi na kuchezea, alikuwa ndiye aliyetuvusha mwaka ule, na mtoto hasahau aliyemvusha.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1960 katika shule iliyokuwa mwendo wa saa moja na robo kwa miguu ya mtoto, na tusimpambe, hakuwa mwanafunzi hodari, alipenda hesabu na akachukia kukaa. Mbwa walikuwa wakimsindikiza na kulala mlangoni mwa darasa, na zipo siku waliosindikiza walifika na aliyesindikizwa akakatia njiani kufuata kwato, hata mwalimu mkuu, mtu mkavu asiyejulikana kwa utani, alimwita mbele ya shule nzima akamwambia, "Mbwa wako wana mahudhurio mazuri kuliko yako, mwaka huu nitawapandisha wao darasa."

Septemba 1963 nguruwe dume aliingia shambani mchana kweupe, na katika kumtoa alimpasua Bado ubavuni, ngozi ikaning'inia kama mfuko uliochanika, na watu wote waliokuwepo walisema mbwa huyo apigwe rungu apumzike, lakini marehemu alimbeba mpaka nyumbani, akachukua sindano ya mama ya kushonea magunia, akachemsha maji ya chumvi, akachomoa uzi kwenye pindo la shuka, akamshona mishono kumi na minne huku mdogo wake amekalia kichwa cha mbwa. Bado alipona. Baba aliporudi alimgeuza mbwa, akazikagua zile nyuzi kama anavyokagua ukuta wa kisima, akasema, "Mbwa umemshona kwa shuka la mama yako, sasa shuka la mama yako utalishona kwa mbwa?" na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo baba yetu aliwahi kumpa mtu. Babu alifariki mwezi uliofuata, akamwachia mkuki wake mfupi.

Sasa nafika mwaka 1965, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kuna jambo ukoo huu umelisema vibaya kwa miaka hamsini na minane, na hata juzi, viti vikipangwa hapa nje, nimelisikia tena likisemwa vile vile.

Machi mwaka ule mbwa mgeni alipita kijijini, mate yanamtoka, anatembea kama mlevi asiyejua kwao, akapigana na mbwa kadhaa, Nimechoka akiwa mmoja wao, na wiki chache baadaye Nimechoka, ambaye maisha yake yote alilala, akakosa usingizi, akawa anatafuna nguzo za zizi na kuyakimbia maji. Bwana mifugo akatangaza kwamba mbwa wote wa kijiji wapelekwe uwanja wa shule siku ya Jumamosi, tarehe 10 Aprili, wapigwe risasi, kwa kuwa chanjo haikuwepo na kichaa cha mbwa hakina msamaha. Marehemu, akiwa na miaka kumi na mitatu na miezi kumi, aliwapeleka Nimechoka na Bado kwa kamba mbili, akasimama nao mpaka mwisho, na bwana mifugo alipomuuliza, "Na yule jike?" akajibu, "Alishakufa," bila kupepesa macho. Watasema alikuwa nyuma ya kilima, ndani ya tanuri kuukuu la matofali, mlango umezibwa kwa mawe, limebaki tundu la kupitisha mkono, na aliyejua ni mmoja tu, mdogo wake, ambaye alijua kwa kuwa kiroboto hakai mbali na mbwa.

Marehemu hakuwa mjinga. Alijua Watasema naye aliwahi kulala na Nimechoka ubavu kwa ubavu, ila hakumwona na jeraha, akajipa moyo, akapanga amchunge siku arobaini ndipo amtoe, naye akampa mdogo wake onyo moja, akamwapisha, kwamba asikanyage tanurini bila yeye, hata iweje, hata asikie nini. Nairudia, ndugu zangu, kwa sababu hapa ndipo penye kasoro. Alikataza.

Alhamisi tarehe 29 Aprili mwalimu alimbakisha shule kwa adhabu ya kufyeka, jua likawa linashuka, na mdogo wake, mwenye miaka minane, akaona Watasema atalala njaa, akachukua mabaki kwenye kibuyu akaenda mwenyewe, akaita, akasikia sauti iliyokwaruza ambayo haikuwa ya mbwa anayemjua, lakini akaingiza mguu tunduni ili apate pa kuegemea, akaumwa shavu la mguu, meno manne. Marehemu alimkuta amekaa kwenye njia, ameufunga mguu kwa majani, na neno la kwanza alilomwambia ni hili, "Kaka, usimwambie mama, watamuua Watasema."

Mdogo wake anakumbuka kwamba marehemu alichuchumaa, akaufungua ule mguu, akauangalia, kisha akauangalia msitu, na hata mtoto mdogo aliweza kuona kwamba njia zilikuwa mbili, kwa kuwa jeraha lilikuwa dogo, la kufichika chini ya gauni, na hakuna aliyewaona, na mbwa alikuwa wake. Halafu akasema, "Panda mgongoni." Alimpeleka mtoni kwanza, akamsugua kwa mchanga na maji yanayokwenda, kisha nyumbani, akasimama mbele ya mama akasema yote kwa pumzi moja, "Mama, Watasema yuko hai, nilimficha mimi, amekuwa na kichaa, amemuuma Kiroboto, nilimtuma mimi ampelekee chakula."

Nilimtuma mimi. Hakumtuma. Mdogo wake alikuwa pale pale mgongoni, shingo yake ameikumbatia, akasikia uongo ule ukitoka, akaelewa ni wa kumwokoa yeye asichapwe, na akanyamaza. Alikuwa na miaka minane na alikuwa anaogopa, hiyo tunaweza kumsamehe, lakini alinyamaza pia akiwa na ishirini, na akiwa na arobaini, kila mashangazi walipokaa jikoni wakisema yule kijana alimtuma mtoto wa watu kwa mbwa mwenye kichaa, na marehemu akipita na ndoo yake ya maji hasemi neno. Leo mdogo wake analisahihisha mbele ya mashahidi, na mashangazi waliobaki, wawili, naomba walisikie.

Mama hakumpiga. Alitoa kipande cha sabuni, wakauosha mguu mpaka sabuni ikaisha, na mganga wa zahanati akasema wamefanya vyema, lakini dawa iko hospitali kuu, sindano ishirini na moja za tumbo, kila siku moja, bila kuruka hata siku, na kwamba ugonjwa huu ukishaanza kuonekana hakuna tena la kufanya, na yule mbwa afe leo hii kabla hajatoka. Wanaume wawili walijitolea kwenda. Marehemu alikataa, akachukua mkuki wa babu, akaenda peke yake mwanga ukiwa bado upo, na aliporudi aliosha mikono hadi viwiko, akaanika shati. Mkuki ule hakuna aliyeuona tena.

Ijumaa alfajiri waliondoka wawili, kwa sababu baba na kaka yetu mkubwa walikuwa kazini mbali, dada ameshaolewa, na mama hangeweza kumwacha bibi aliyekuwa hawezi hata kujigeuza, basi akamfunga mtoto mgongoni mwa marehemu kwa kitenge, akamwambia, "Ukimshusha, umshushe mlangoni mwa daktari," na marehemu alitembea hivyo mpaka saa nane mchana, akipumzika kwa kuegemea miti bila kumshusha, ndipo lori la mbao lilipowaokota. Hospitalini hakuwa na kitanda, kwa kuwa hakuwa mgonjwa, akalala barazani siku zote ishirini na moja, kuanzia Mei mosi hadi Mei 21, mchana akifagia wodi, akichota maji, na kumsaidia kuchemsha sindano muuguzi mmoja mzee aliyeitwa Polepole, ambaye alimpenda kwa kuwa hakuuliza maswali ya kijinga. Kila asubuhi saa tatu mdogo wake alipiga kelele za kuamsha wafu, na marehemu alimpa kiganja chake akamwambia, "Ning'ate mimi," naye aling'ata kwelikweli, hata Polepole akauliza, "Sasa nimchome nani, aliyeumwa na mbwa au aliyeumwa na huyu?" Siku ya kumi na sita marehemu alianza kuhesabu kwa sauti zilizobaki. Siku ya ishirini na moja mdogo wake hakulia, aliyelia ni marehemu, nyuma ya jiko la hospitali, akidhani hakuna anayemwona.

Waliporudi nyumbani walimkuta baba, ambaye alikaa siku tatu bila kusema naye, na siku ya nne akamtupia sururu akasema, "Twende," na marehemu akachimba naye visima saba kabla mwaka haujaisha, ndiyo maana alirudia darasa la sita mwaka 1966, akamaliza la saba Novemba 1967. Mbwa mwingine hakufuga, si mwaka ule, si baadaye, si alipoombwa na watoto wake wenyewe waliomlilia mpaka wakachoka. Alisema "Hapana," na hiyo ndiyo historia nzima ya suala hilo.

Kuhusu kazi, mwaka 1969 aliajiriwa kama mfagizi katika ofisi ya mifugo, na kwa kuwa alikuwa ndiye mtu pekee pale aliyeweza kumshika mbwa mkali bila kupiga kelele, walimpeleka mafunzo ya miaka miwili, akaanza kazi rasmi kama msaidizi wa mifugo tarehe 1 Julai 1973, na kuanzia siku hiyo hadi alipostaafu tarehe 14 Juni 2011 kazi yake ilikuwa moja, kuzunguka vijiji kwa baiskeli yenye sanduku la barafu nyuma, kuchanja mbwa, watu wakimwita Bwana Sindano. Watoto walikuwa wakiwaficha mbwa wao wakimwona anapanda kilima, wakidhani amekuja kuua, naye alijua pa kutafuta, chini ya ghala, nyuma ya choo, ndani ya tanuri, akimkuta mtoto amemkumbatia mbwa analia, humwambia, "Mshike hivyo hivyo, usimwachie, hivyo ndivyo ninavyotaka," kisha humchanja mbwa mikononi mwa mtoto na kuondoka.

Katika kazi hiyo alipata pigo moja ambalo familia haikupenda niliseme, lakini mwenyewe hakulificha. Agosti 1987, akiwa ameshachanja vijiji kumi na kimoja, mtunza stoo alimtobolea siri kwamba jokofu la ofisi lilizimika siku tisa kabla hajachukua dawa, mafuta ya taa yaliisha, likawashwa tena kimya kimya, kwa hiyo dawa aliyokuwa akiwachoma mbwa wa watu ilikuwa haina kazi tena. Alikwenda kwa mkubwa wake, mkubwa akafunga mlango akamwambia, "Nani atajua?" naye akajibu, "Mbwa watajua," akatoka, akapanda baiskeli, akarudia vijiji vyote, nyumba kwa nyumba, akisema kwa kinywa chake, "Dawa niliyochoma ilikuwa imeharibika, msimwamini mbwa wenu, mtu akiumwa aoshe kwa sabuni akimbie hospitali." Baadhi walimtukana. Mmoja alimtupia jembe. Katika kijiji cha tisa alikuta watu wamekaa nje kama tulivyokaa sisi leo, mtoto wa kiume wa mfyatua matofali, miaka kumi, aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, amezikwa jana yake.

Marehemu aliegemeza baiskeli, akaingia, akamtafuta baba mtu, akamwambia yote bila kupunguza, huku watu wameanza kusimama, na yule mfyatua matofali akamwangalia muda mrefu, mikono yake bado ina udongo, akasema, "Wewe umekuja," kisha akasema, "Kaa," na marehemu akakaa naye kwenye mkeka mpaka jua likazama. Alipewa barua ya onyo kwa kuchafua jina la ofisi, akakaa miaka kumi na mmoja bila kupandishwa cheo, na hakuwahi kulalamika, ila tangu siku ile alibeba kipimajoto shingoni kama hirizi, na mkewe, alipokuwa hai, alikuwa akisema alianza kuamka asubuhi akiwa amechoka kuliko alivyolala.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, na mshona nguo mmoja mwenye kibanda karibu na ofisi yake, mwanamke aliyeogopa mbwa hata wa kwenye picha, na ambaye sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba mume atavua nguo za kazi bombani na kuoga kabla ya kuvuka kizingiti, sharti alilolitimiza kwa miaka thelathini na minne, mvua inyeshe isinyeshe, majirani wakimwita bwana harusi wa kila siku. Walibarikiwa watoto watatu, mwalimu aliyezaliwa 1978, fundi umeme 1981, na muuguzi 1985, na wajukuu saba. Mkewe alimtangulia tarehe 3 Februari 2014, baada ya kuugua tumbo kwa muda mfupi, na kwa wale tunaosema wanaume hawajifunzi kupika, yeye alijifunza akiwa na miaka sitini na miwili, akatupikia vibaya sana, tukala.

Afya yake ilianza kutetereka siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 2021, alipopatwa na kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu, upande wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Watoto wake wana kazi na watoto wadogo, walifanya waliloweza na zaidi, lakini aliyekuwa na nafasi alikuwa mdogo wake, mjane, mstaafu, hivyo akahamia chumba cha nyuma, na kwa miaka miwili na miezi saba kazi ikawa kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumlisha uji kwa kijiko, kufua mashuka, kuanika, kukunja, kufua tena. Sitawadanganya, ndugu zangu, si mahali pake. Zipo siku mdogo wake alichoka mpaka akawa anamfokea mgonjwa kwa kumwaga uji, na zipo siku aliomba liishe, bila kusema liishe kwa njia gani, na mgonjwa alijua, kwa sababu macho yake yalikuwa mazima.

Mwezi wa Juni mwaka huu, siku moja asubuhi akimnyoa ndevu, mdogo wake alimwambia lile neno la uongo wa mwaka 1965, akamwambia nilisikia, nilijua hukunituma, nikanyamaza, nisamehe kaka. Marehemu alitafuta maneno kwa muda, shavu moja likiwa na povu, akasema, "Ulikuwa na miaka minane," akapumua, akasema tena, "Maliza upande huu, povu linakauka." Basi, hatukulirudia.

Jumapili iliyopita, tarehe 15 Oktoba 2023, saa mbili na nusu asubuhi, dirisha likiwa wazi na redio ikisoma taarifa ya habari, marehemu alimeza uji vijiko vitatu, cha nne akakikataa kwa kufumba midomo, akafumba na macho, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi minne na siku moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule kijana wa mazoezi ya viungo aliyekuja kila Alhamisi hata alipokuwa na likizo, tunamshukuru jirani wa upande wa geti aliyetusaidia kumnyanyua mara nyingi kiasi kwamba sasa naye ana maumivu ya mgongo, tunawashukuru watumishi wenzake wa ofisi ya mifugo waliokuja kwa lori na kuchimba kaburi wenyewe bila kuombwa, tunamshukuru muuza duka aliyetupa sabuni, na tunamshukuru kwa namna ya pekee mzee mmoja aliyekaa mstari wa nyuma, amekuja jana kutoka mbali akiwa na mwanawe, alikuwa mfyatua matofali, na alipoulizwa mlangoni yeye ni nani kwa marehemu, alisema ni mtu aliyewahi kukaa naye.

Ambao tumewasahau, mtusamehe, kichwa kimejaa. Bwana ametoa, na amechukua akiwa tayari tumeshakubali kuachia. Kaka, kazi yako umeimaliza, haikuwa nyepesi na hukuitupa njiani, pumzika sasa kwa amani. Sisi huku tutapumzika keshokutwa, tukishafua mashuka na kurudisha viti vya watu.